Breki Ikinguruma, Usiinue Mguu

Siku zangu nyingi zimekwisha kuchanganyikana kichwani kama nguo kwenye robota la mtumba, mwanangu, lakini ipo moja naikumbuka mpaka harufu yake. Ilikuwa Jumapili ya masika. Nilikuwa nampeleka Kibamba mzee mmoja ambaye nilitamani kwa moyo wote awe mkwe wangu. Gari lilijaa moshi wa ubani kama jiko la kuni, nje mvua inamwagika kiasi kwamba Nabii Nuhu angeiona angeanza kumwita seremala, na mguu wangu wa kulia ulikuwa umenasa kwenye breki kama panya mtegoni. Kaa vizuri nikusimulie, hasa wewe uliyepata leseni juzi na tayari unaendesha kwa mkono mmoja.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa na kila kitu kilikuwa kinaingia Dar es Salaam. Sisi tuliozoea kupanga foleni kwa kipande cha sabuni, ghafla tukawa tunachagua rangi ya sabuni. Yakaja na magari ya Kijapani yaliyotumika, mengine yamepitia Dubai, yakishuka bandarini kama kumbikumbi baada ya mvua. Temeke nzima, ukirusha jiwe bila kuangalia, ulimpiga mtu anayesubiri gari lake.

Mimi nilikuwa kijana wa Mwananyamala. Mchana niliendesha pikapu ya ghala moja la saruji. Jioni nilikuwa darasani, kwenye masomo ya watu wazima, nikibanana kwenye madawati ya watoto wa shule ya msingi, magoti yakigusa kidevu. Nilikuwa nimetoka kupata cheti cha kidato cha nne. Mwanangu, cheti kile kilinilevya kuliko tembo la mnazi. Nilijiona mimi na mtu aliyegundua umeme tumepishana siku chache tu. Mtu akisema "mvua inanyesha," mie namweleza mzunguko wa maji duniani kabla hajafungua mwavuli.

Na nilikuwa nampenda Tatu, binti wa Mzee Kibwana wa Temeke. Huyu Tatu alikuwa na tabia ya kucheka kabla hujamaliza mzaha, kwa hiyo kila mzaha wangu ulikuwa mzuri. Baba yake alikuwa dereva mstaafu wa malori, mtu wa pwani, mfupi, mpana, na mguu wake wa kulia ulikuwa maarufu kuliko uso wake. Alikuwa akisema ameshuka na lori la tani kadhaa milima yote ya nchi hii, akibembeleza breki kama mtoto mwenye homa. Ndiye aliyenifundisha udereva kabla hajajua namtaka binti yake. "Breki haikanyagwi, kijana," alikuwa akiniambia. "Breki hupampiwa. Gusa, achia. Gusa, achia. Ukiikanyaga ukaishikilia, matairi yanafunga, gari linakuwa sabuni sakafuni." Na alisema kweli, kwa magari yale. Huo ndio ugumu wa dunia, mwanangu: neno linaweza kuwa kweli miaka arobaini, halafu asubuhi moja gari jipya likashushwa bandarini.

Gari lenyewe Mzee Kibwana alitumiwa na mdogo wake aliyekuwa Dubai. Gari dogo jeupe, viti vya kitambaa, ndani imebandikwa karatasi ya Kijapani ambayo hakuna mtu mtaani aliyeweza kuisoma, ingawa mimi nilijaribu. Ukiwasha, taa ya njano yenye herufi tatu, A na B na S, inawaka kidogo kisha inazimika. Mke wa mzee, Bi Salama, akasema labda ndilo jina la mwenye gari wa zamani, Abasi. Watu wakacheka, mambo yakaishia hapo.

Siku ya kwanza ya mvua Mzee Kibwana alikuwa anashuka Tandika taratibu, kanzu imepigwa pasi, akisalimiana na ulimwengu. Bata wa watu akakatiza barabara na vifaranga vyake. Mzee akakanyaga breki kwa ghafla. Pedali ikatetemeka chini ya wayo wake na ikanguruma: grrrrr! Mzee akainua mguu kama aliyekanyaga nge. Gari likaendelea na safari zake, bata wakaruka, likaenda kusimama kwenye meza ya muuza vitumbua. Hakuna aliyeumia, ila vitumbua. Mzee akarudi nyumbani kwa miguu, ndala moja mguuni na nyingine mkononi.

"Mle ndani mna kiumbe," alitangaza barazani. "Nimekanyaga, kikanisukuma. Nimekanyaga tena, kikaninguruma."

Bi Salama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata uso. "Baba Tatu, hicho kiumbe kimelipiwa ushuru?"

"Cheka, Mama Tatu, cheka. Huyo ndiye Abasi mwenyewe. Amekuja na gari lake."

Basi jini akapata jina. Wewe unacheka, lakini jiulize: mtu aliyekanyaga breki maisha yake yote, na breki haijawahi kumjibu, siku ikimjibu afikiri nini? Akaitwa babu mmoja wa Mbagala mwenye visomo vyake. Babu akazunguka gari, akalinusa, akakaa kwenye usukani akakanyaga breki gari likiwa limesimama. Kimya. "Ameniogopa," babu akasema, na sisi tukatikisa vichwa. Kisha akafunga hirizi kwenye ile pedali, akaizungushia kitambaa chekundu, na juu yake akakaza mpira wa tyubu ya baiskeli, ili kumfunga jini taya.

Mimi sasa, mwenye cheti, nikaona hapa ndipo pa kung'arisha nyota. Nikasimama mbele ya Mzee Kibwana, Tatu akiwa dirishani, nikasema, "Mzee, hakuna jini. Hiyo ni hewa tu imeingia kwenye mabomba ya breki. Fizikia."

"Unajua hivyo?"

"Nimesoma, mzee."

Nilichokuwa nimesoma kuhusu breki, mwanangu, kingeandikwa kwenye kucha ya kidole kidogo na nafasi ikabaki. Nikavua shati, nikatoa hewa kwenye mabomba Jumamosi nzima, nikapaka mafuta hadi masikioni. Mvua ikanyesha, mzee akajaribu, pedali ikanguruma vilevile. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi nilikuwa nimeyafikia ufukweni tu, nikawa natangaza kina.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kumtuma mtu kuulizia kama nikileta posa itapokelewa. Mzee Kibwana akaniita. Akakohoa kikohozi cha kuanzia mambo mazito. "Kwetu," akasema, "binti haolewi mpaka shangazi yake amwone mwanamume. Dada yangu yuko Kibamba. Jumapili utatupeleka. Kwa gari lile."

"Lile lile, mzee?"

"Anayemwogopa Abasi wangu hawezi kumlinda binti yangu."

Hapo nikaelewa kwamba kama nisingefika Kibamba na kurudi bila aibu, Tatu ningemsikia tu anacheka kwenye nyumba ya mwanamume mwingine.

Jumapili ikafika na mvua yake. Mzee Kibwana akakaa nyuma na chetezo mapajani, makaa yamewaka, ubani unafuka, "kwa ajili ya usalama." Bi Salama akakaa mbele na sufuria ya pilau ya kumpelekea wifi yake. Vioo vilifungwa kwa sababu ya mvua. Tulipofika Ubungo nilikuwa naendesha kwa kukumbuka tu barabara ilivyokuwa juzi. Na miguuni, kwa ajili ya matope, nilivaa katambuga mpya, zile sandali za tairi, ya kulia mkanda wake umebaki mrefu, umetokeza pembeni kama sharubu la kambare. Nilikuwa nimekusudia kuukata. Sikuukata.

Tukapanda Kimara, tukaanza kushuka. Barabara inang'aa kama imepakwa samli. Mara, kule chini, mkokoteni umekwama katikati, umebeba kabati la nguo lenye kioo kirefu, kioo kimetuelekea sisi. Mwanangu, nikaona gari jeupe linanijia kasi, dereva wake ametoa macho, nyuma yake kuna mzee anafuka moshi kichwani. Nikamwonea huruma yule dereva kabla sijatambua kuwa ni mimi.

Nikakanyaga breki. Grrrrrr! Abasi akaamka.

"Pampu!" Mzee Kibwana akapiga kelele kutoka nyuma. "Pampu, kijana! Gusa, achia!"

Nami nikataka kuachia. Naapa nilitaka! Kila kitu nilichofundishwa kilisema achia, na woga nao ukasema achia. Nikavuta mguu. Mguu hauji. Nikavuta tena. Mguu umegoma kama punda wa Pugu. Pedali inatetemeka, inanguruma, inanipiga wayo kwa vipigo vidogo vya haraka haraka, na mimi niko palepale nimeikandamiza kwa uzito wangu wote, maana kila nilivyojivuta nyuma ndivyo nilivyozidi kujikaza. Nikageuza usukani kwa kukata tamaa tu. Na gari, mwanangu, likatii! Kwenye samli ile, breki imekanyagwa hadi mwisho, gari likakunja kushoto kwa adabu kama mwari, likapita kati ya kabati na mtaro, likasimama. Halikuserereka hata kidogo.

Mvua tu juu ya bati. Kisha yule mwenye mkokoteni akachungulia dirishani. "Braza," akasema, "hilo gari lako linakoroma!"

Mzee Kibwana machozi yalikuwa yanamtoka; nusu ni ubani, nusu sijui. "Hukuinua mguu!" akasema. "Kanguruma, kakutikisa, na hukuinua mguu! Umemshinda Abasi! Wallahi wewe ni simba. Shuka nikukumbatie."

"Asante, mzee."

"Shuka basi."

"Siwezi kushuka, mzee."

"Unaogopa mvua, simba mzima?"

Bi Salama akainama kutazama chini ya usukani, sufuria ikiwa bado kifuani. Akakaa hivyo kidogo. Kisha mabega yakaanza kumcheza, mfuniko wa sufuria ukaanza kulia, na mwisho akacheka mpaka pilau ikamwagika. Mkanda wa katambuga yangu ulikuwa umeingia chini ya ule mpira wa baiskeli, ukapita kwenye kitambaa chekundu, ukajipiga fundo na hirizi. Hata ningekufa, wangenizika na pedali ile.

"Baba Tatu," akasema akipata pumzi, "simba wako kafungwa kamba."

Ilibidi mzee atoe kisu kunikata. Kisha akarudi nyuma, akageuzia uso dirishani hadi Kibamba.

Shangazi mwenyewe, Bi Mwanaidi, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, dada mkubwa wa Mzee Kibwana, na ndiye mtu pekee duniani niliyewahi kumwona mzee akimwamkia huku amevua kofia. Bi Salama alimsimulia yote, hakupunguza kitu; pale pa kabati akasimama akaniigiza macho. Bi Mwanaidi hakucheka. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye sandali iliyokatwa.

"Kijana, kule chini kulinguruma nini?"

"Mzee anasema ni jini, shangazi."

"Sikumwuliza mzee. Wewe ulisema nini?"

"Nilisema hewa."

"Ilikuwa hewa?"

Nikaangalia chini. "Hapana, shangazi."

"Basi hujui." Alilisema bila ukali, kama mtu anayesoma saa. "Ndugu yangu hajui, akasema jini. Wewe hujui, ukasema hewa. Mnafanana, ila yeye hakujigamba kwa shule. Na leo mmeokoka wote watatu kwa kamba ya kiatu. Mimi nimwoze mwanangu kwa kamba ya kiatu?"

Mwanangu, nimepigwa fimbo na walimu na ngumi na vijana wa Sinza, hakuna kilichoniingia kama swali lile. "Nenda," akasema, "kajue kilichonguruma. Ukijua, rudi. Mimi mwenyewe nitapanda, na utanionyesha ukiwa mguu wako uko huru. Usipojua, usirudi, nitakuombea dua ukiwa hukohuko Mwananyamala."

Kesho yake jioni nilikuwa kwa Mwalimu Anastazia, aliyekuwa akitufundisha fizikia. Mama mmoja mnene, mcheshi, mtu wa bara, mwenye chaki ya akiba kila mfuko. Nilimweleza. Nilitegemea ajibu papo hapo. Akatafuna miwani yake kidogo, akasema, "Sijui, Shomari. Ila nimewahi kusoma kitu kama hicho kwenye habari za ndege zinapotua. Nipe muda, nikaulize." Hebu fikiri! Yeye mwenye shahada alisema sijui bila hata kuinamisha kichwa, na mimi mwenye cheti chenye joto la mashine nilikuwa nimeona afadhali kutoa hewa isiyokuwepo Jumamosi nzima.

Akaenda kumwuliza mwenzake wa chuo cha ufundi, kisha akaniambia nije na mzee. Mzee Kibwana akaja, akabanwa kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu, kofia mkononi. Nadhani alikuja kumtetea Abasi.

Mwalimu akachora gurudumu ubaoni. Akatueleza hivi. Kwenye kila gurudumu la gari lile imefungwa pete yenye meno, na pembeni ya pete kuna kidude kinachonusa meno yanavyopita: yakipita haraka, gurudumu linazunguka haraka, yakipita polepole, linapunguza. Habari hizo zinakimbizwa kwenye kisanduku chenye kompyuta ndogo. Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye utelezi, gurudumu hutaka kufunga, yaani kuacha kuzunguka huku gari lenyewe bado linakwenda. Kisanduku kinaligundua gurudumu lile kabla halijafunga. Kinafungua vali, nguvu ya mafuta ya breki inapungua, gurudumu linapumua na kuzunguka kidogo. Papo hapo kinabana tena. Kinalegeza. Kinabana. Mara nyingi ndani ya sekunde moja, haraka kuliko mguu wa binadamu yeyote.

"Kule kunguruma," Mwalimu akasema, "ni vali zinafunguka na kufunga, na pampu inayorudisha mafuta. Kule kutetemeka mguuni ni mafuta hayohayo yanasukumwa. Mzee, gari lako lilikuwa linakupampia breki lenyewe. Ulipoinua mguu ulilinyang'anya kazi."

Mzee Kibwana akazungusha kofia mkononi. "Na kwa nini wakati ule lilikata kona?"

"Tairi likifunga linateleza tu, halijui kushoto wala kulia, hata ukizungusha usukani mpaka ung'oke. Tairi linalozunguka ndilo linaloshika barabara na kufuata usukani. Hilo ndilo kusudi kubwa la breki hizi, na zile herufi tatu za kwenye taa ndizo jina lake kwa kifupi."

Mzee akajikuna shingo. Kisha uso ukafunguka kama dirisha. "Kumbe kama mke wangu anavyokamua tui! Chicha huibani ukaishikilia tu. Unabana, unalegeza, unabana, unalegeza."

Mwalimu Anastazia akaweka chaki chini. "Mzee, huo mfano nitaufundishia."

"Ila kwa kasi ya wazimu," mzee akaongeza, na akacheka, na nikaona jini limetoka Temeke bila kupigiwa hata ngoma moja. Aliporudi nyumbani aliifungua ile hirizi kwa mkono wake mwenyewe, akairudisha Mbagala na salamu nzuri.

Lakini kujua ni jambo moja, na mguu ni jambo jingine. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Wiki nzima, nikiendesha ile pikapu ya ghala, ambayo breki zake hazikuwa na akili yoyote, niliendelea kupampu kama kawaida, nikiwaza: nitauambia nini mguu huu siku ile?

Tukarudi Kibamba. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha uwanja wa wazi karibu na nyumba ya Bi Mwanaidi unateleza kwa tope jekundu. Shangazi akatoka na mtungi wa maji, wa udongo, mweusi kwa uzee, aliorithi kwa bibi yake. Akauweka katikati ya uwanja kwa mikono miwili. Mzee Kibwana akashtuka. "Dada, si uweke ndoo?"

"Ndoo zinauzwa dukani," akasema Bi Mwanaidi. Akapanda mbele. "Haya. Nenda uelekeo wa mtungi, ukanyage, uukwepe."

Nilikuwa nimevaa viatu vya kufunga kwa kamba fupi. Tatu alikuwa mlangoni kwa shangazi yake, mtandio mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa hacheki. Nikaenda. Si kasi kubwa; Mwalimu alikuwa amenionya kwamba kwenye mchanga na tope breki hizi zaweza hata kukawia zaidi kusimama, basi nikajipa nafasi. Mtungi ukakaribia. Nikakanyaga hadi chini.

Grrrrr!

Mguu ukataka kuinuka. Mwanangu, nakwambia mguu una kichwa chake! Na kutoka nyuma, Mzee Kibwana, aliyemweleza mtaa mzima habari za tui, aliyejua yote, akapiga kelele kwa koo la miaka arobaini: "Pampu! Pampu!"

Sikupampu. Nilishikilia. Pedali ikanitikisa, meno yakagongana, jasho likanitoka hadi kwenye nyusi, na safari hii hakuna kamba iliyonishika isipokuwa neno nililoelewa. Nikageuza usukani taratibu. Gari likaupita mtungi, karibu kiasi kwamba lingekuwa na mdomo lingekunywa maji, likasimama mbele kidogo, limenyooka.

Bi Mwanaidi akashuka. Akaenda kuutazama mtungi, akauzunguka, akatia kidole ndani kama anaangalia kama maji yametikisika. Halafu akasema, bila kugeuka, "Kibwana, mwambie kijana alete wazee wake."

Mlangoni pale Tatu alicheka kicheko ambacho mpaka leo nikiumwa kichwa nakikumbuka, kinapona. Mzee naye akataka kujaribu. Kwa heshima ya mtungi tulimpangia ndoo. Aliinua mguu, akagonga ndoo. Akainua tena, akagonga nyingine. Alipozimaliza zote akashuka akajifuta tope. "Mguu wangu," akasema, "ulisoma shule nyingine." Lakini hakuacha. Alijizoeza masika yote uwanjani pale, na alipoelewana na mguu wake akawa anawafundisha madereva wa Temeke bila kuombwa, akiwakamulia tui la hewani kwa mikono miwili katikati ya barabara.

Basi sikiliza, mwanangu. Gari lako likiwa na breki za namna hii, siku ya hatari kanyaga kwa nguvu, shikilia, na uangalie unakotaka kwenda, si kile unachoogopa kugonga. Usukani wako bado ni wako. Ikinguruma chini ya wayo, hiyo ni kazi inafanyika, usiikatishe. Ile taa ya njano ukiwasha gari lazima iwake kisha izime. Ikibaki inawaka, breki zako zimerudi kuwa za kizamani, basi nenda polepole ukamwone fundi, na usiitie plasta taa ili isikuudhi. Na usije ukadanganyika kwamba kisanduku kile kinafanya miujiza. Tairi lililokwisha ni lililokwisha, mchanga ni mchanga, na aliyemfuata mwenzake karibu mno hana breki ya kumwokoa. Kama gari lako ni la zamani lisilo nazo, basi fundisho la Mzee Kibwana bado ni dhahabu. Jua tu unaendesha lipi.

Na usilolijua, sema hujui. Kuuliza si ujinga, ila kujibu kabla ya kuuliza ni hatari kwa watu wazima watatu na sufuria ya pilau. Yapo mambo mema maishani yatakayokutikisa mguu, la kwanza likiwa ndoa, nami nimeishi ndani yake miaka mingi na imenguruma mara nyingi. Yakikutikisa, uliza kwanza kinachonguruma ni nini, kabla hujaachia.

Mola akupe barabara pana na watu wa kukungoja unakokwenda. Mvua ikikukuta, ikukute na nafasi mbele yako. Mguu wako uwe mzito pale panapotakiwa uzito na mwepesi pale panapotakiwa wepesi, na ufike nyumbani kila siku wewe na wote uliowabeba, mkicheka. Amina, mwanangu. Haya, nenda, na huo mkono mwingine nao uuweke kwenye usukani.